Sura ya Tisa: Waya Mdogo, Mlango Mkubwa

Waya wa intakomu hauui mtu. Seti nyingi zinazouzwa Kariakoo au katika maduka ya Luthuli Avenue zinatumia volti 12, na zile za kisasa zinazopita kwenye nyaya za intaneti zinatumia takriban volti 48. Ndiyo maana kazi ya kuzifunga hupewa yeyote mwenye bisibisi na ngazi. Fundi wa dishi anaifanya, fundi wa kamera anaifanya, na kijana aliyekuja kubadilisha balbu huombwa amalizie na kengele ya langoni. Mwenye nyumba anajumlisha bei ya seti, ufundi na nauli, anatoa pesa, shughuli imekwisha.

Lakini waya huo mwishoni unakutana na mlango. Siku za kawaida mlango huo unaamua nani aingie. Siku ya moto unaamua nani atoke. Kwa hiyo sheria za nchi mbalimbali zinazohusu intakomu zinaonekana kushughulika na volti, daraja la fundi na mhuri wa halmashauri, lakini karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya mlango. Ukilishika hilo, msitu wa vibali unaanza kuonyesha njia, kwa sababu utajua kila ofisi inauliza swali gani na kwa nini inauliza.

Katika sura hii tutapita California na New York, ambako maswali hayo yameulizwa mapema na kujibiwa kwa maandishi, kisha tuone yanatukuta vipi Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Mombasa, ambako maghorofa yanaota kila mwaka na kila ghorofa jipya linakuja na kisanduku cha vitufe langoni.

Kengele iliyoamriwa na sheria

Kwa watu wengi wa kwetu intakomu ni anasa. Kazi yake inafanywa na askari wa getini mwenye daftari na kalamu. New York waliliona jambo hili kwa jicho lingine zaidi ya nusu karne iliyopita. Sheria ya jimbo hilo inayohusu nyumba za familia nyingi, katika kifungu cha 50-a, inataka jengo la makazi lenye fleti nane au zaidi, lililojengwa baada ya mwanzo wa mwaka 1968, liwe na milango ya kuingilia inayorudi na kujifunga yenyewe. Pamoja na milango hiyo, pawe na mfumo wa mazungumzo kati ya mlangoni na kila fleti, na mpangaji aweze kumfungulia mgeni bila kushuka ngazi. Majengo ya zamani nayo hayakusahauliwa. Wapangaji wa zaidi ya nusu ya fleti wakiomba kwa maandishi, mwenye jengo anawajibika kuwafungia.

Sheria hiyo iliigeuza intakomu kutoka pambo la matajiri kuwa haki ya mpangaji. Ikiharibika, mpangaji wa New York hana haja ya kumbembeleza mwenye nyumba mwaka mzima. Anaripoti kwa mamlaka ya nyumba ya mji, mkaguzi anakuja, na mwenye jengo anaandikiwa kosa kama angeandikiwa kwa bomba linalovuja.

Dola ikishasema kifaa fulani ni lazima, haiwezi kukwepa swali linalofuata: nani anaruhusiwa kukifunga?

Nani aishike bisibisi

Jibu lililo wazi kuliko mengi liko California. Jimbo hilo lina bodi ya leseni za makandarasi, nayo imetenga daraja maalumu kwa watu wa nyaya ndogo. Linaitwa C-7, na linahusu mifumo ya mawasiliano na umeme mdogo usiozidi volti 91: simu, intakomu, kamera, nyaya za kompyuta, spika za ukumbini. Fundi wa C-7 haruhusiwi kugusa mifumo ya kutambua moto. Hiyo ni kazi ya mkandarasi wa umeme mwenye daraja C-10, na mpaka huo haukuchorwa kwa sababu ya volti, kwani nyaya za king'ora cha moto nazo ni za umeme mdogo. Umechorwa kwa sababu kosa la fundi wa intakomu linamchelewesha mgeni mlangoni, lakini kosa la fundi wa king'ora linawaacha watu usingizini moshi ukiingia.

Kuipata leseni hiyo si lelemama. Mwombaji aonyeshe uzoefu wa miaka minne ya kazi yenyewe ndani ya miaka kumi iliyopita. Afanye mitihani miwili, mmoja wa ufundi na mmoja wa sheria na biashara. Achukuliwe alama za vidole ili historia yake ichunguzwe. Aweke dhamana ya dola 25,000, ambayo mteja aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia kutoka humo. Kiwango hicho cha dhamana kilianza Januari 2023. Kabla ya hapo kilikuwa dola 15,000.

Je, kazi ndogo? Kwa miaka mingi California iliruhusu kazi ya chini ya dola 500, vifaa na ufundi pamoja, ifanywe na mtu asiye na leseni. Tangu Januari 1, 2025 kiwango kimepanda hadi dola 1,000, lakini kwa masharti: kazi isiwe ya kuhitaji kibali cha ujenzi, na anayeifanya asiwe ameajiri msaidizi. Sheria pia inakataza kuikata kazi kubwa vipande vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango.

Ukali wenyewe uko mahali pengine, nao unafaa kutazamwa na kila anayetunga sheria kwetu. Mkandarasi asiye na leseni California hawezi kwenda mahakamani kudai malipo ya kazi aliyoifanya, hata kama kazi ni nzuri na mteja alijua tangu mwanzo kwamba hana leseni. Zaidi ya hapo, mteja anaweza kumshtaki na kurudishiwa pesa yote aliyokwisha kumlipa. Kwa hiyo serikali haina haja ya kumtuma askari kila mtaa kuwasaka mafundi vishoka. Imemfanya mteja mwenyewe kuwa mlinzi, na imemfanya fundi asiye na leseni aiogope hesabu yake mwenyewe kuliko faini.

Texas, kwa upande wake, ililitazama jambo hilohilo ikaona usalama badala ya ujenzi. Kampuni inayofunga vidhibiti vya kielektroniki vya kuingilia majengo huko inapewa leseni chini ya sheria ya ulinzi binafsi, na leseni hizo zinasimamiwa na idara ya usalama wa umma, idara ileile yenye askari wa barabara kuu. Mantiki yake haina ubishi: anayefunga mlango wako anajua namna ya kuufungua. Anajua namba ya siri ya msimamizi, anajua mfumo unakaa kabati gani, na anajua kwamba wateja wengi hawaibadilishi namba waliyoikuta kutoka kiwandani.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna daraja moja lililotengewa intakomu kama C-7, hivyo kazi hii inaangukia kati ya ofisi kadhaa. Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Makandarasi wa majengo, wa kazi za uhandisi, wa mitambo na wa umeme wamepangwa katika madaraja saba, na makandarasi maalumu katika madaraja matatu, kila daraja na kikomo chake cha thamani ya kazi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa wanaofunga umeme majengoni. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, inatoa leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 kwa wanaoingiza, kuuza, kufunga na kutunza vifaa vya mawasiliano. Kenya ramani inafanana nayo: Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, iliyotokana na sheria ya 2011, inasajili makandarasi katika ngazi nane, EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, inawapa leseni mafundi umeme, na Mamlaka ya Mawasiliano inashughulika na makandarasi wa mawasiliano.

Mwenye nyumba afanye nini mbele ya herufi zote hizi? Aitazame kazi yenyewe. Adapta ikichomekwa kwenye soketi iliyopo, fundi hajafanya kazi mpya ya umeme. Adapta ikiungwa moja kwa moja kwenye mein switchi ya jengo, hapo kuna volti 230, na anayeishika awe na leseni ya ufungaji umeme. Intakomu ikiwa na laini ya simu ndani yake au ikiingia kwenye intaneti, imeshakuwa kifaa cha mawasiliano, na muuzaji na fundi waulizwe habari za TCRA au Mamlaka ya Mawasiliano. Kazi ikiwa sehemu ya mkataba mkubwa wa jengo jipya, mkandarasi mkuu hapaswi kuleta fundi wa pembeni ambaye hajasajiliwa na kumficha chini ya jina lake.

Tundu ukutani

Swali la pili ni la njia ya waya. Intakomu ya ghorofa sita inahitaji kebo itoke getini, ipande ngazi kwa ngazi, iingie kila fleti. Kila inapovuka sakafu au ukuta inatobolewa njia. Fundi anatoboa tundu la vidole vitatu ili kebo ya unene wa kidole kimoja ipite kwa raha, anaivuta, anaondoka. Tundu linabaki.

Majengo ya ghorofa husanifiwa ili moto uliowaka kwenye fleti moja ukae humo kwa muda, watu wapate kutoka na zimamoto wapate kufika. Sakafu na kuta za ngazi ndizo zinazofanya kazi hiyo. Tundu lisilozibwa linaupa moshi njia ya kupanda kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya sita kabla ya moto wenyewe kufika. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1897 na ambayo huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, inataka matundu ya nyaya kwenye kuta na sakafu za kuzuia moto yazibwe kwa njia zilizoidhinishwa, na haiusamehe waya kwa sababu umeme wake ni mdogo. Inataka pia kebo zilizoachwa bila kazi ziondolewe pale zinapofikika, kwa sababu plastiki ya kebo ni kuni. Jengo lililobadilisha intakomu mara tatu bila kutoa nyaya za zamani limejaza shimo lake la nyaya mzigo wa kuungua.

Kanuni hiyohiyo inakataza nyaya za umeme mdogo kupitishwa bomba moja na nyaya za umeme mkubwa bila kizuizi kati yake. Kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo mafundi wengi wa Kenya na Tanzania wamesomea au kurithi desturi zake, nazo zinataka makundi haya mawili ya nyaya yatenganishwe, isipokuwa kinga ya nyaya zote iwe inafaa kwa ile volti kubwa. Sababu inaeleweka. Panya akitafuna kinga ya nyaya mbili zilizolala pamoja, volti 230 zinahamia kwenye waya wa kengele, na kitufe kisichokuwa na hatari asubuhi kinakuwa na hatari jioni. Mtoto anayebonyeza kengele akiwa amesimama kwenye maji ya mvua hana habari za panya.

Hapo ndipo kibali kinapotofautiana na leseni. Leseni inamhusu mtu. Kibali kinahusu kazi. Leseni inasema huyu anajua, na kibali kinamleta mkaguzi aone kama alichojua amekifanya. Miji ya Marekani inatofautiana sana katika hili. Mingi haisumbuki na kengele ya nyumba ya familia moja, lakini inataka kibali pale nyaya zinapopenya kuta za moto za jengo la watu wengi au zinapogusa mlango wa kutokea. Florida ilitafuta njia ya katikati kwa mifumo ya kengele za usalama ya umeme mdogo pamoja na vidhibiti milango vinavyoambatana nayo. Mkandarasi mwenye leseni hununua lebo kutoka halmashauri kwa bei isiyozidi dola 40, anaibandika kwenye kazi, na anaitaarifu halmashauri ndani ya siku 14 baada ya kumaliza. Hakuna foleni kabla ya kazi. Mkaguzi akitaka kuja atakuja, na lebo itamwonyesha nani aliyefanya kazi hiyo.

Sumaku ya kilo 280

Sasa tufike kwenye mlango wenyewe, kwa maana hapa ndipo watu hufa.

Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliungua na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku na kuua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka tisini imetenganisha mikasa hiyo miwili, na anayeutafuta mzizi wake hatafika mbali: mtu aliyetaka kuzuia wizi au utoro aliufunga mlango, na hakufikiria moto.

Intakomu huja na vifungio vya aina mbili kubwa. Cha kwanza ni kitasa cha umeme, ambacho hukaa kwenye fremu na kuachia ulimi wa kitasa umeme unapopita. Umeme ukikatika, aliye nje habahatiki kuingia, lakini aliye ndani anazungusha mkono wa kitasa kama siku zote na kutoka. Cha pili ni sumaku: bamba la chuma kwenye mlango na sumaku ya umeme juu ya fremu. Seti za bei nafuu huandikwa kilo 280, maana yake mlango unashikwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa watu wanne. Hakuna mkono wa kitasa wa kuzungusha. Umeme ukiwapo, mlango umefungwa kwa wa nje na kwa wa ndani.

Wenye kupenda sumaku hujitetea kwamba umeme ukikatika inaachia yenyewe, basi hakuna hatari. Maneno hayo yangekuwa kweli kama tusingeujua mgao wa umeme. Kwetu umeme ukikatika kila mara, mlango ungekuwa wazi kila mara, na wakazi wangelalamika. Kwa hiyo fundi anaongeza betri. Ile njia moja ya usalama iliyojengwa ndani ya sumaku inafutwa na betri ya shilingi elfu kadhaa. Moto unawaka, umeme wa jengo unakatwa, taa zinazimika, na sumaku inaendelea kushika kwa saa kadhaa kwa nguvu ya betri.

Kanuni ya kimataifa ya majengo inayotumika katika majimbo mengi ya Marekani imelitabiri tatizo hilo. Inaporuhusu mlango wa kutokea ufungwe kwa sumaku inayoachia kwa kitambuzi cha mwendo, inaweka masharti yanayokaa pamoja. Umeme wa mfumo ukikatika, mlango uachie. King'ora cha moto kikilia, mlango uachie. Karibu na mlango, umbali usiozidi mita 1.5 na kwa urefu wa kati ya sentimita 102 na 122 kutoka sakafuni, pawe na kitufe cha kutokea chenye maandishi ya kueleweka. Kitufe hicho kikate umeme wa sumaku moja kwa moja, bila kupitia kompyuta wala programu, na mlango ukae wazi kwa sekunde zisizopungua 30.

Sharti la kukata moja kwa moja ndilo linalovunjwa mara nyingi katika kazi za mtaani. Kitufe cha seti nyingi hutuma ujumbe kwa kisanduku kikuu, na kisanduku ndicho kinachoamua kukata umeme. Kisanduku kikiganda kama simu inavyoganda, kitufe kimekuwa pambo. Kurekebisha hakuhitaji kifaa cha ajabu: waya wa umeme wa sumaku upitishwe kwenye kitufe chenyewe, baada ya betri, ili anayebonyeza aukate kwa kidole chake.

Urefu wa kitufe nao una maana yake. Viwango vya Marekani vya watu wenye ulemavu vinataka vitufe vya intakomu vifikiwe na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, na mfumo wa mazungumzo ya pande mbili uwe na ishara ya kusikika na ya kuonekana. Taa ndogo inayowaka mlango unapofunguka inagharimu senti chache. Kwa kiziwi anayesubiri langoni, ndiyo sauti yenyewe.

Mawimbi na kumbukumbu

Intakomu zisizo na waya, zenye Wi-Fi au rimoti ya geti, zinarusha mawimbi. Masafa ya redio ni mali ya umma inayogawanywa na dola, na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine kinaweza kurusha mahali ambapo nchi yetu imewapa watu wengine. Kwa sababu hiyo TCRA na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutaka vifaa vya aina hiyo viidhinishwe kabla ya kuuzwa. Mnunuzi amwombe muuzaji uthibitisho huo kama anavyoomba risiti.

Kumbukumbu ni jambo zito zaidi. Intakomu ya zamani ilisahau mara tu ukibwaga mkono wa simu. Ya leo ina kamera, inapiga picha ya kila anayebonyeza, inaandika saa, na kupeleka vyote kwenye seva iliyo nchi nyingine. Kwa kumbukumbu hizo mwenye jengo anaweza kujua mpangaji wa fleti namba tano hurudi saa ngapi, nani humtembelea Jumamosi, na lini hakulala nyumbani.

Wakazi wa New York waliliona hilo mapema. Katika maghorofa ya Atlantic Plaza Towers, Brooklyn, wapangaji walipinga mpango wa kuweka mfumo wa kutambua nyuso kwenye milango, na mwaka 2019 mwenye majengo akaachana nao. Mwaka huohuo wapangaji wa jengo jingine Manhattan walimshtaki mwenye nyumba aliyeweka vitasa vya kufunguliwa kwa simu, na kesi ikaisha kwa makubaliano kwamba wapewe funguo za kawaida. Mwaka 2021 mji ukatunga sheria ya faragha ya wapangaji: mwenye jengo lenye vifungio vya kielektroniki apate ridhaa ya mpangaji, achukue taarifa zile tu zinazohitajika, na azifute ndani ya siku 90.

Sisi hatuko nyuma kama wengi wanavyodhani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na tume inayoisimamia. Sheria zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu awaambie anazikusanya kwa nini, asizitumie kwa kazi nyingine, na azilinde. Picha ya uso wa mgeni ni taarifa binafsi, hata kama fundi wa kamera ameipata kwa bahati tu.

Nani alisema ndiyo

Katika jengo la mmiliki mmoja, swali la ridhaa ni jepesi. Katika jengo la fleti zilizouzwa kwa watu mbalimbali, lango, ngazi na mashimo ya nyaya si mali ya yeyote peke yake. Sheria ya Tanzania ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 na ile ya Kenya ya 2020 zinaviweka vitu hivyo katika mali ya pamoja, chini ya chombo cha wamiliki wote. Mkazi mmoja, hata akiwa mwenyekiti, hapaswi kuamua peke yake kubadilisha mlango wa wote, wala kuutoza uongozi gharama ambazo kikao hakikuzipitisha. Mihtasari ya kikao ndiyo kibali cha kwanza, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Jengo likiwa na sehemu za biashara chini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo litakuwa na neno katika ukaguzi wake.

Kabla ya kutoa pesa

Mafundi wengi wa mtaani ni hodari, na wengi wanalijua jambo la mlango kuliko wateja wao. Wanachokosa ni mteja anayeuliza. Mteja akiuliza bei peke yake, fundi atapunguza bei, na kitakachokatwa kwanza ni kitufe cha kutokea, kisha uzibaji wa matundu, kisha bomba la nyaya.

Basi uliza. Mtake fundi aonyeshe usajili au leseni inayolingana na kazi, na uithibitishe kwa ofisi iliyoitoa kabla hajatoboa ukuta. Mtake aandike kwenye mkataba aina ya kifungio, mahali pa kitufe cha kutokea, namna kinavyokata umeme, na jinsi atakavyoziba kila tundu. Mkubaliane kumbukumbu zitakaa wapi na kwa siku ngapi. Namba za siri za kiwandani zibadilishwe mbele yako, na nakala ya mchoro wa nyaya ibaki kwako, isibaki kichwani mwa fundi.

Kisha, siku ya kukabidhiwa kazi, fanya jaribio moja ambalo halihitaji elimu ya umeme. Ingia ndani ya jengo. Mwambie fundi azime umeme wa jengo lote na kuiacha betri ikifanya kazi. Bonyeza kitufe cha kutokea, kisha usukume mlango. Ukifunguka, mlipe fundi haki yake na umshukuru. Ukikataa, usilipe hata senti, kwa sababu ulichofungiwa bado si intakomu.